Magitaa Yaliyovuka Namanga

Nimerudi kutoka Nairobi. Walioniagiza viatu vya Gikomba wanisamehe, nimerudi na begi lile lile nililoondoka nalo, ila ndani yake kuna swali ambalo halijaniacha tangu nivuke mpaka. Simba Wanyika ni wa nani?

Wanaonifahamu wanajua kuwa Nairobi ni mji wangu wa pili. Nilisoma pale 2018 na 2019, nikapanga chumba Umoja, nikala madondo na chapati mpaka nikazoea. Tangu nirudi Arusha sikuwahi kukanyaga tena hadi safari hii. Enzi zile gengetone ndiyo kwanza ilikuwa inachipuka, na masikio yangu yote yalikuwa huko. Nyimbo za akina Les Wanyika nilizisikia kila Jumapili redioni, lakini zilikuwa kama rangi ya ukuta: ipo, unaishi nayo, huitazami. Wenzetu wanaziita zilizopendwa. Sisi tunasema zilipendwa.

Safari hii nilikuwa ndani ya matatu, jioni, foleni ya Jogoo Road haisogei. Dereva akaweka Sina Makosa. Wadau, gari zima liliimba! Mama mwenye mfuko wa sukuma wiki, kijana wa chuo mwenye spika za masikioni, kondakta, wote. Nikamwambia mzee niliyekaa naye, kwa kujidai kidogo, "Mzee, hawa ni wa kwetu, Watanzania." Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mgeni. "Kijana, hawa ni watu wa hapa."

Tangu siku hiyo nimekuwa nazisikiliza nyimbo hizo usiku na mchana na kuisoma historia yao. Nilichokikuta kinatuhusu sana sisi wa Arusha.

Tuanzie Tanga. Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz Band ya mji huo. Mwaka 1970 walihamia Arusha. Hapa, pamoja na ndugu yao William, wakapiga na Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya na kuanzisha bendi waliyoiita Simba Wanyika, yaani simba wa nyika.

Jiulize Arusha ya 1970 ilikuwaje. Miaka mitatu kabla, 1967, mji huu ulikuwa umepewa mambo mawili makubwa kwa mkupuo: Azimio la Arusha, na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kutoka hapa hadi Namanga ni kilomita mia na kidogo. Unaiacha Ngaramtoni, Mlima Meru uko kulia kwako, unapita Oldonyo Sambu, Longido, umefika. Kwa mwanamuziki mwenye gitaa na nauli, Nairobi ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam.

Lakini kwa nini waende? Sababu haikuwa ukosefu wa muziki nyumbani. Tanzania ya wakati ule ilikuwa imejaa bendi. Nyingi zilikuwa chini ya mashirika, vyama na vyombo vya umma, NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 ikiwa mfano maarufu. Mwanamuziki alipata mshahara na vyombo vya kupigia, na nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania. Tatizo lilikuwa santuri. Hatukuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Kiwanda kilikuwa Nairobi, kampuni za kurekodi zilikuwa Nairobi, maduka ya River Road yalikuwa Nairobi, na pesa ya kumbi za starehe nayo ilikuwa huko huko. Hata bendi zetu zilizobaki nyumbani zilisafiri kwenda kule kurekodi. Akina Kinyonga wao waliamua kubaki.

Sasa fika 1977. Shirika la ndege la pamoja, East African Airways, likavunjika. Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na katikati ya mwaka Jumuiya yenyewe ikafa. Ndege, mabehewa, magari na madeni yakawa ugomvi wa nani achukue nini. Jengo kubwa lililojengwa hapa Arusha kwa ajili ya Jumuiya likabaki bila mwenyewe, na mwaka 1978 likageuzwa kuwa AICC, kituo cha mikutano. Namanga ikalala.

Na hapa ndipo historia inaponishangaza. Mwaka ule ule wa 1978, mpaka ukiwa umefungwa, wanamuziki kadhaa walijitoa Simba Wanyika. Walikuwemo mpiga gitaa la ridhimu "Profesa" Omari Shabani, mpiga besi Tom Malanga na mpiga ngoma Rashid Juma. Mtanzania mwingine, John Ngereza, akaja kuwa mwimbaji na mpiga solo wao. Humo humo kulikuwa na Wakenya. Wakajiita Les Wanyika. Litazame jina hilo: nusu Kifaransa, kwa sababu Wakongo ndio waliokuwa wakitamba mjini, na nusu Kiswahili. Wakajifungia mazoezini kwa miezi kadhaa kabla ya kupanda jukwaa la Garden Square, katikati ya Nairobi. Kisha ikatoka Sina Makosa.

Isikilize tena leo, ila usiwasikilize waimbaji. Sikiliza gitaa la Omari Shabani chini yao. Halikimbii, halijionyeshi, linarudia kifungu kile kile kama mtu anayetembea njia anayoijua gizani. Besi ya Malanga inaingia pale gitaa linapopumua. Solo inakuja juu yao kwa adabu. Hakuna chombo kinachomkanyaga mwenzake. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa na jeshi la tarumbeta, hawa walifanya kazi na vyombo vichache na nafasi nyingi katikati yake. Ndiyo maana wimbo haujazeeka.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe, cha pwani, kisichotafuta maneno. Unaeleweka Umoja, unaeleweka Unga Limited, unaeleweka Bujumbura. Wimbo unahusu wanaume wawili na chuki isiyo na sababu juu ya mwanamke ambaye hakuna kati yao aliyemuoa. Sisemi kwamba waliutunga kwa ajili ya Kenya na Tanzania, huo utakuwa uongo. Ila kila nikiusikia nakumbuka kuwa ulipotoka, serikali mbili zilikuwa zinagombania ndege.

Maisha yao kule hayakuwa asali tupu. Machi 1980 Sauti ya Kenya iliamriwa kwamba robo tatu ya muziki wake iwe ya Kenya. Amri ile haikumaliza hata mwezi, ikaachwa. Hebu fikiria kazi ya mtangazaji wa siku hizo: ashike santuri ya Les Wanyika, imerekodiwa Nairobi, imetengenezwa Nairobi, inapigwa na Watanzania na Wakenya, inaimbwa Kiswahili. Aiweke fungu gani? Swali la yule mzee wa kwenye matatu lilikuwa limeshaishinda hata redio ya taifa.

Ukoo wenyewe uliendelea kutawanyika. George Peter akaanzisha Jobiso. Issa Juma, aliyepitia Simba Wanyika na Les Wanyika, akaongoza Super Wanyika, na mwaka 1983 wakatoa Sigalame. Novemba mwaka huo huo marais wa Kenya, Tanzania na Uganda walikutana hapa Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Mei 1984 wakatia saini, hapa hapa, makubaliano ya kugawana mali na madeni ya marehemu Jumuiya.

Hebu weka tarehe hizo pamoja. Kati ya 1977 na 1983 hakukuwa na Jumuiya, hakukuwa na ndege ya pamoja, gari halikupita Namanga. Katika miaka hiyo hiyo zilizaliwa nyimbo ambazo mpaka leo zinaimbwa harusini Mwanza na Kisumu bila mtu kuuliza pasipoti. Nasema hivi na nitasimama nalo: kazi ya kutuunganisha ilifanywa na watu ambao hakuna aliyewatuma, tena wakati wenye kazi hiyo walikuwa wameiacha. Mawimbi ya redio hayagongewi muhuri.

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini hapa Novemba 1999, na leo ina nchi 8. Simba Wanyika hawakuiona. William alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, George akamfuata 1992, Wilson 1995, na bendi ikaisha. Omari Shabani aliondoka 1998, John Ngereza 2000.

Kwa hiyo mzee wa Jogoo Road alikuwa na haki. Nairobi iliwasikiliza, ikawalipa, ikawacheza, na mpaka leo inawaimba. Tanga nayo ina haki, iliwazaa. Sisi wa katikati ndio tuna deni. Mji huu una mabango ya Jumuiya kila kona, lakini sijaona hata kibao kimoja, hata jina la kichochoro, kinachosema kwamba Wilson na George Kinyonga waliwahi kupiga gitaa hapa. Nimewauliza vijana wenzangu kuhusu Arusha Jazz. Wengi walidhani ni mkahawa.

Kibao kinaweza kusubiri bajeti. Wazee hawawezi. Vijana waliokuwa na miaka 20 mwaka 1970 sasa wamepita 70. Wapo Kaloleni, wapo Ngarenaro, wapo Tengeru na Usa River, na baadhi yao walicheza dansi la Arusha Jazz kwa miguu yao. Nimeanza kuwatafuta na kinasa sauti. Kama babu au bibi yako ni mmojawapo, muulize leo jioni: mlicheza ukumbi gani, kiingilio shilingi ngapi, na yule kijana wa Tanga alikuwa anasimama wapi jukwaani. Kisha nitafute, nitakuja na soda.