Tai Solarin

Tai Solarin (1922–1994), mwalimu na mwandishi wa Nigeria, aliishi bila dini katikati ya jamii ya wacha Mungu, na akaona kuwa kuelimisha watoto ni sababu tosha ya kuishi. Alizaliwa Ikenne, kusini-magharibi mwa nchi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la anga la Uingereza, kisha akasoma Manchester na London.

Aliporudi Nigeria alikuwa mkuu wa shule ya Molusi, Ijebu-Igbo, lakini akajiuzulu kwa kuwa hakukubali sala na mafundisho ya dini viwe sehemu ya ratiba. Mwaka 1956 yeye na mkewe Sheila, Mwingereza, walifungua Mayflower School huko Ikenne, shule isiyofungamana na dini yoyote. Wanafunzi walisoma sayansi, walishika jembe, walifuga na kushiriki ujenzi; mwalimu mkuu mwenyewe alionekana kila mara na kaptula ya kaki na kofia yake. Hapa ndipo ukubwa wake ulipo: hakubishana tu kuhusu Mungu, alijenga kitu.

Furaha kwake haikuwa starehe. Makala yake mashuhuri ya Januari 1, 1964 iliwatakia wasomaji njia ngumu, kwa imani kwamba mtu hukomaa kwa kupambana. Baadaye kalamu yake ilimponza: mwaka 1984 serikali ya kijeshi ilimtia kizuizini. Hata hivyo, mwaka 1989 akawa mwenyekiti wa kwanza wa benki ya umma iliyoanzishwa kukopesha maskini.