Utani wa Wapiga Besi

Katika kila kundi la muziki yuko mtu mmoja ambaye watazamaji hawamtazami. Macho yao humfuata mwimbaji, kisha humfuata mpiga gitaa la solo, na hata mpiga ngoma hupata fungu lake la sifa kwa kuwa jasho lake laonekana. Mpiga besi husimama nyuma, karibu na ukuta, akitoa sauti ambayo aghalabu husikiwa na miguu kabla ya masikio. Akipiga vizuri hakuna amsifuye. Akinyamaza, wachezaji hukosa hatua na kutazamana, na wengi wao hawajui walichopungukiwa.

Sikusudii katika insha hii kumwombea mtu huyu huruma. Yeye mwenyewe haitaki, na jambo hilo ndilo lililonivuta kuandika. Nimekaa na wapiga besi miaka mingi, nami ni mmoja wao, mpigaji wa ridhaa asiyelipwa na asiyestahili kulipwa, wala sijaona watu wanaojicheka wenyewe kwa bidii kama hawa. Wakikutana wawili, salamu haijesha mmoja amekwisha kumdhihaki mwenzake. Waandishi wa habari za muziki mara chache hukipa kicheko hiki nafasi. Yamkini wadhani ni upuuzi wa saa za mapumziko. Mimi nadai kwamba ni utani hasa, kwa maana kamili tuijuayo katika nchi zetu, wenye haki na wajibu wake, na kwamba una historia iwezayo kufuatwa.

Kwanza nitoe mfano wa kicheko chenyewe. Kiko kisa kinachosimuliwa sana na wapiga besi wa Ulaya na Marekani. Mtoto alipelekwa kwa mwalimu ajifunze besi. Juma la kwanza baba alimwuliza amefundishwa nini, akajibu: uzi wa kwanza. Juma la pili akajibu: uzi wa pili. Juma la tatu mtoto alirudi usiku wa manane, na baba alipomgombeza akasema kwamba hakwenda darasani, alikuwa kazini na bendi. Mpiga gitaa akikisimulia kisa hiki, ni dharau. Mpiga besi akimsimulia mpiga besi mwenzake, maana yageuka. Wote wawili wajua kwamba nyuzi mbili zikipigwa mahali pake na kwa wakati wake zatosha kuinua ukumbi mzima, na wajua pia miaka iliyowapita kabla hawajaweza kuzipiga hivyo.

Kisa kingine chatuhusu zaidi, ingawa si kwa namna ya kutufurahisha. Msafiri wa Kizungu aliingia katika msitu wa Afrika, akasikia ngoma zikilia mchana na usiku. Mwenyeji aliyemwongoza alikuwa akitetemeka, akisema kwamba ngoma zikinyamaza kutakuwa na balaa. Siku ya tatu zikanyamaza. Msafiri akauliza kwa hofu ni balaa gani lijalo, na mwenyeji akajibu: sasa laanza solo la besi. Afrika ya kisa hiki haijapata kuwako ila katika vitabu vya wasafiri na filamu za zamani, na mwongozi huyo hana jina wala kabila. Hata hivyo, msomaji atazame vizuri: katika kisa kizima ni yeye tu ajuaye muziki. Niliwasimulia wapigaji wenzangu, wakacheka mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya besi na mara ya pili kwa ajili ya msitu.

Utani, kama tuujuavyo, si ruhusa ya kumdhihaki kila mtu. Moreau, aliyekuwa mtaalamu wa ndege pale Amani, aliandika mwaka 1941 habari za utani wa makabila ya Tanganyika, akaonyesha jinsi ulivyofungamana na vita vya zamani na safari za misafara. Mtani aweza kukutukana mbele za watu na kukunyang'anya kitu chako, nawe huna haki ya kukasirika. Lakini ukifiwa ni yeye ajaye kufanya kazi za msiba ambazo ndugu zako, kwa uchungu, hawaziwezi. Kicheko na kazi ni kitu kimoja kwao. Kwa kipimo hiki nitawatazama wapiga besi.

Asili ya jambo ni mahali walipowekwa. Katika okestra za Ulaya za karne ya kumi na nane, ile fidla kubwa ya kusimama, ndefu kuliko mtu, kwa kawaida haikuandikiwa sauti yake yenyewe. Ilirudia chini yale yaliyopigwa na fidla ya sauti nene iliyo jirani yake. Mtu aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wote alikuwa na maneno machache kuliko wote. Hapo kicheko hakina budi kuzaliwa.

Mmoja aliyekataa udogo huo ni Domenico Dragonetti wa Venice, aliyezaliwa mwaka 1763 na kufika London mwaka 1794, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1846. Alikuwa fundi wa ajabu, na mtu wa vituko: alikusanya wanasesere, na lugha yake ilikuwa mchanganyiko wa lugha kadhaa, asemeshwaye akachague mwenyewe. Yasimuliwa kwamba usiku mmoja alipokuwa mgeni katika nyumba ya watawa aliiga ngurumo za mvua kwa besi yake, na asubuhi watawa wakabishana kama tufani ilipita au haikupita. Jambo ninalolithamini zaidi ni dogo kuliko hilo. Kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini alipiga bega kwa bega na Robert Lindley, mpiga fidla ya sauti nene, wakisoma karatasi moja. Ndoa nyingi hazifiki huko.

Mwaka 1886 ni mwaka wa pekee katika historia hii, kwa kuwa mizaha miwili mikubwa juu ya besi ilitokea humo, mmoja kwa Mfaransa na mmoja kwa Mrusi. Camille Saint-Saëns alitunga muziki wa wanyama kwa ajili ya kuwachekesha rafiki zake. Tembo alimpa besi. Kisha akachukua tuni mbili zilizosifiwa kwa wepesi wake, moja ya Berlioz ya ngoma ya majini wepesi wa hewani, na nyingine ya Mendelssohn, akazitia katika kinywa cha tembo huyo. Wasikilizaji walicheka, na bado wacheka. Mtungaji aliogopa kuvunjiwa heshima, akakataza kazi hiyo isichapishwe akiwa hai, isipokuwa kipande kimoja cha bata maji. Ikachapishwa mwaka 1922, baada ya kufa kwake. Twaona hapa kwamba mzaha wa besi ulihesabiwa kuwa jambo la faragha, la kuchekwa ndani ya nyumba.

Anton Chekhov hakuficha wake. Katika kisa chake cha mwaka huo mpiga besi mmoja yuko njiani kwenda kupiga katika karamu ya mwana wa mfalme. Aingia mtoni kuoga, nguo zake zaibwa. Binti wa mwenye karamu, aliyekuwa akivua samaki, naye aibiwa nguo zake. Mpiga besi, kwa adabu kubwa, amwomba aingie katika sanduku la besi, amfunike na kumbeba. Akiwa ameliweka chini ili awakimbize watu aliodhani ni wezi, wapigaji wenzake wawili walikuta sanduku njiani, wakalichukua kwa wema mpaka kwenye karamu, na huko likafunguliwa mbele ya wageni. Hapa tusipite upesi. Balaa lote laletwa na wema: wenzake wamwonea huruma kwa kudhani amepatwa na jambo, nao waubeba mzigo wake bila kuombwa. Chekhov alijua kwamba besi haibebwi na mtu mmoja milele.

Mpaka hapo nimesema juu ya watu wa kazi hiyo. Wapigaji wa ridhaa waliingia kwa wingi kwa mlango mwingine, mlango wa sanduku la chai. Mwaka 1954 Lonnie Donegan aliimba London sahani ya wimbo wa zamani wa Wamarekani Weusi, na aliyepiga besi katika sahani hiyo alikuwa Chris Barber, ambaye kwa kazi yake alikuwa mpiga tromboni. Mwaka 1956 sahani hiyo ilipata sifa kubwa, na vijana wa Uingereza wasio na fedha wakaanza kuiga mtindo huo, ulioitwa skifeli. Besi ya kweli hawakuweza kuinunua. Walichukua sanduku la chai la mbao nyembamba, wakalifudikiza, wakatoboa tundu katikati, wakapitisha uzi na kuufunga fundo kwa ndani. Ncha ya pili wakaifunga juu ya mpini wa ufagio uliosimamishwa ukingoni. Ukiuvuta mpini uzi hukaza na sauti hupanda, ukiulegeza hushuka. Hakuna alama ya kuonyesha sauti iliko. Hutafutwa kwa sikio, na mara nyingi haionekani. Katika kundi la John Lennon pale Liverpool, mwaka 1957, kazi hiyo ilipokezanwa na marafiki. Hawakuchaguliwa kwa ufundi. Walichaguliwa kwa kuwa watu wa kufurahisha kukaa nao.

Msomaji wa pwani amekwisha kulitambua sanduku hilo. Katika kidumbaki cha Unguja, ambacho ni ndugu mdogo wa taarabu, iko fidla moja, viko vidumbaki viwili, mkwasa na cherewa, na liko sanduku, ambalo ni besi ya aina hiyo hiyo, la uzi na mti. Sidai kwamba Liverpool ilijifunza kwa Unguja, wala Unguja kwa Liverpool. Chai ilisafirishwa katika masanduku ya namna moja kwenda kila bandari, na masikini wa kila bandari waliona tupu la sanduku wakasikia muziki ndani yake. Kidumbaki hupigwa arusini, maneno yake ni ya wazi kuliko ya taarabu, na mizaha yake haina kificho. Vijana wengi walijifunzia humo kabla ya kuingia katika vyama vikubwa vyenye besi ya kusimama. Arusini nilimsikia mama mmoja akimwuliza mpiga sanduku chai yenyewe iko wapi. Hakuacha kupiga. Alimwambia, "Yachemka, mama, sikiliza."

Habari za gitaa la besi la umeme ni nyingi, nami nitazipita kwa haraka. Mwaka 1951 Leo Fender wa California aliuza gitaa la besi lenye vigawanyo shingoni, ili sauti ipatikane mahali pake hasa, na mzigo uliohitaji gari ukawa wa kuning'inizwa begani. Katika miaka ya 1960 lilienea katika bendi za dansi za Afrika Mashariki na Kongo. Lakini mahali pa mpigaji hapakubadilika. Mwaka 1961, mpiga besi wa Beatles alipowaacha wenzake ili arudie uchoraji, kazi ile haikuwa na mgombea. Ikamwangukia Paul McCartney. James Jamerson wa Detroit alipiga besi katika nyimbo za Motown zilizovuma dunia nzima, na miaka mingi jina lake halikuchapishwa juu ya sahani hizo, hata ilipotoka sahani ya Marvin Gaye mwaka 1971. Wapigaji wa ridhaa walilijua jina hilo kabla ya watu wengi. Waliambiana.

Sasa niseme juu ya wajibu. Nyuzi za besi ni ghali, na mpigaji wa ridhaa hana akiba ya nyuzi. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikipiga arusini, uzi wangu mnene ukakatika katikati ya wimbo. Miongoni mwa wageni alikuwamo mpiga besi mwingine, fundi seremala, mtani wangu wa miaka mingi. Aliinuka bila neno akatoka. Mvua ilikuwa ikinyesha, naye alikwenda kwa miguu. Aliporudi alikuwa amelowa mwili mzima, na mkononi ana uzi alioufungua kutoka gitaa lake mwenyewe. Nikaanza kumshukuru.

"Usifanye haraka, mwalimu," akasema, akipangusa uso. "Wamepiga nyimbo tatu bila wewe, hapana aliyeuliza."

Nauli hakuitaka, na uzi wake ulikaa kwangu miezi miwili, muda ambao kila tulipokutana aliniita mwizi mbele za watu.

Mwaka uliofuata alifiwa na baba yake. Tulikwenda wapiga besi wanne, tukasaidia kuchimba kaburi, tukachota maji, na ulipofika wakati wa kutoka tukaingia chini ya jeneza pamoja na ndugu wa marehemu. Njia ilikuwa nyembamba na watu walikuwa wamesimama pande zote mbili kimya. Mfiwa alikuwa mbele yangu. Mmoja wetu aliyekuwa ubavuni pake akamwinamia akanong'ona, "Leo ndipo watu wametutazama tukibeba kitu kizito." Mfiwa aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na mzee aliyekuwa kando ya njia akasogea kumshika mkono, akidhani analia.