Kenchi si Kombamoyo

Nenda Gerezani, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo, useme unatafuta fundi wa "kuunda fremu ya paa". Utaeleweka, lakini baada ya kuulizwa maswali mawili matatu. Sema unatafuta fundi wa kupaua, hapo hapo mtaanza kupatana bei. Kupaua ni kusimamisha mifupa ya paa. Kuezeka ni kuifunika kwa makuti, vigae au bati. Siku hizi watu husema "kupaua" kwa kazi yote mpaka msumari wa mwisho wa bati. Katika mazungumzo sioni ubaya, ila kwenye makubaliano ya malipo tofauti hiyo ina pesa ndani yake.

Ugumu unaanzia kwenye majina ya mbao zenyewe. Kamusi nyingi humpa mwanafunzi neno kombamoyo, naye akifika kwenye ujenzi anasikia kenchi. Hudhani ni kitu kimoja chenye jina la kale na jina la mtaani. Sivyo. Ni njia mbili tofauti za kubeba paa.

Kombamoyo ni la nyumba ya Kiswahili, ile iliyoijaza Kariakoo kabla ya maghorofa: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Nguzo zilisimamishwa, juu yake ukalazwa mwamba, makombamoyo yakashuka kutoka mwamba hadi ukutani, kisha pao zikafungwa kwa kukingama ili kushika makuti. Miti mingi ilikuwa mikoko, na delta ya Rufiji haiko mbali kwa jahazi. Kila mti uliegemea mwenzake, na uzito ukashuka kwa nguzo mpaka ardhini. Katika nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopanga upana wa chumba: takriban mita mbili na nusu hadi tatu, basi. Tajiri aliweza kuongeza urefu wa sebule, lakini upana ulikuwa na mwisho wake.

Kenchi inaruka mpaka huo. Neno lina asili ya Kihindi, kainchi, yaani mkasi, na Kihindi chenyewe hulitumia pia kwa mbao za paa zilizokutanishwa kileleni. Kwa fundi wa Dar es Salaam kenchi ni umbo zima: mbao mbili za mteremko, mbao moja iliyolala chini kuziunganisha miguu, na vipande vya kati. Haihitaji mwamba wala nguzo katikati ya chumba. Hukaa juu ya kuta mbili za pembeni na kujibeba yenyewe.

Inajibebaje? Mbao mbili za mteremko zikielemewa na bati hutaka kuteleza miguu nje na kuzisukuma kuta. Mbao ya chini huzizuia. Kwa hiyo mbao hiyo, ambayo kwa macho inaonekana imelala tu ikingoja dari, inavutwa huku na huku muda wote. Anayeikata ili kupata nafasi ya tangi la maji ameondoa kenchi na kubakiza mbao mbili zinazosukuma kuta. Na ukiunga mbao mbili fupi kupata urefu, kiungo cha hapo ni cha kuvutwa: vipande vya kubana pande zote mbili na misumari ya kutosha, si kuzigusanisha ncha na kugongea kibao kimoja.

Mteremko nao una hesabu yake. Chukua nyumba ya upana wa mita 8. Nusu yake ni 4. Kilele kikipanda mita 3, mbao ya mteremko itakuwa mita 5 kabla ya kuongeza ya upenuni. Shusha kilele hadi mita 1.5, mbao inafupika mpaka kama mita 4.27, na mwenye nyumba anafurahia akiba. Lakini kwa mzigo ule ule, mvuto katika mbao ya chini umekuwa maradufu. Makuti hayakuruhusu ujanja huu kwa kuwa yanataka mteremko mkali, maji yasituame. Bati linaruhusu, na fasheni ya kuficha paa nyuma ya ukuta imewafanya wengi washushe vilele bila kugusa kingine chochote.

Ile mbao inayosimama katikati ya kenchi, kutoka kilele hadi mbao ya chini, mafundi huiita kingiposti. Wapo wanaopendekeza "nguzo mfalme" au "nguzo ya kati". Mimi nalipinga neno nguzo hapa. Nguzo husimama juu ya kitu na kubeba. Kingiposti imening'inia: kilele kimeishika, nayo imeishika mbao ya chini isilegee katikati, hasa dari ikishafungwa. Anayeiita nguzo atatosheka na kuisimamisha na kuipigia msumari mmoja wa mshazari chini, kumbe kiungo hicho cha chini ndicho kinachotaka kuchomoka. Afadhali kingiposti ibaki kingiposti kuliko jina la Kiswahili linalomfundisha mtu kinyume.

Kuna hali moja ambapo wanaosema nguzo watakuwa na hoja. Nyumba nyingi za Dar bado zina kuta mbili za ukumbi katikati, na fundi hupenda kuilaza kenchi juu yake pia. Mbao ya chini ikishagusa ukuta wa namna hiyo karibu na kingiposti, kingiposti huacha kuning'inia, huanza kusukuma, na ule ukuta mwembamba wa ndani unabeba paa. Mwenye nyumba akija kuuvunja baadaye apate sebule kubwa, kwanza apande darini na tochi atazame kama kati ya mbao na ukuta kuna mwanya.