Mkulima Daniel Shays na njia ya kurudi nyumbani

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunakwenda mbali, Amerika ya Kaskazini, zaidi ya miaka 230 iliyopita. Tutamfuata mkulima mmoja aliyevuka mpaka wakati wa theluji, akiacha shamba nyuma yake.

Daniel Shays alizaliwa karibu mwaka 1747 huko Massachusetts, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, watu wasio na mali. Alipokuwa kijana alifanya kibarua katika mashamba ya wengine. Mwaka 1772 alimwoa Abigail Gilbert, na baadaye wakawa na shamba lao Pelham, sehemu ya vilima na mawe mengi.

Siku hizo vijiji vilikuwa na mgambo wake. Wakulima walifanya mazoezi ya silaha, kisha wakarudi kushika jembe. Vita vya uhuru vilipoanza Aprili 1775, Shays alitoka na mgambo akiwa sajini. Alipigana Bunker Hill, akapigana Saratoga, akapanda cheo hadi kapteni. Lafayette, jenerali Mfaransa aliyewasaidia Wamarekani, alimpa upanga wa heshima. Lakini mshahara haukuja. Shays akauuza upanga ule ili alipe deni, na mwaka 1780 akaacha jeshi.

Amani ilikuja mwaka 1783, lakini haikuleta nafuu kwa wakulima. Serikali ya Massachusetts ilitoza kodi kubwa, tena ilitaka ilipwe kwa sarafu, na vijijini sarafu hazikuwepo. Askari wengi walikuwa wamelipwa kwa hati za karatasi. Kwa sababu ya njaa waliziuza kwa bei ya chini, na matajiri wa mjini wakazinunua. Sasa mkulima yuleyule alitozwa kodi ili tajiri alipwe thamani yote ya hati. Aliyeshindwa alipelekwa mahakamani. Ng'ombe wake walipigwa mnada, au yeye mwenyewe akafungwa kwa deni.

Kwanza wakulima waliandika barua. Walikutana, wakaomba kodi ipunguzwe na madeni yasogezwe mbele. Hawakusikilizwa. Kuanzia Agosti 1786 wakakusanyika mbele ya mahakama kwa mamia na kuzuia kesi zisisikilizwe. Shays akawa mmoja wa viongozi wao.

Gavana James Bowdoin hakuwa na fedha za jeshi, kwa hiyo matajiri wa Boston walichanga. Shays na wenzake waliposikia jeshi linakuja, waliamua kuchukua ghala la silaha la Springfield. Kiongozi mwenzao, Luke Day, alimwandikia Shays kwamba watu wake hawatakuwa tayari ila tarehe 26 Januari 1787. Barua hiyo ilikamatwa njiani. Tarehe 25 Shays akaenda akitegemea msaada ambao haukuja.

Ghala lililindwa na mgambo wa serikali chini ya Jenerali William Shepard. Shepard naye alikuwa mkulima, naye alipigana vita vilevile vya uhuru. Wakulima waliamini kwamba majirani zao hawatawafyatulia risasi. Mizinga ilipigwa kwanza juu ya vichwa vyao, kisha katikati yao. Watu wanne walikufa, wengine kama 20 wakajeruhiwa. Wengine wote walikimbia.

Alfajiri ya tarehe 4 Februari, jeshi la serikali liliwakuta Petersham, baada ya kutembea usiku kucha katika dhoruba ya theluji. Shays alikimbilia Vermont, ambayo wakati huo ilikuwa bado nchi ya peke yake, nje ya Marekani. Serikali ya Vermont ilitangaza kwamba waasi wasipewe hifadhi, lakini wanavijiji wengi waliwapokea kimyakimya.

Huko Massachusetts, waliotaka msamaha walipaswa kusalimisha silaha na kula kiapo. Kwa miaka mitatu hawakuruhusiwa kupiga kura, kushika cheo, wala kufundisha shule. Watu wawili walinyongwa. Lakini mwaka huohuo wananchi walikwenda kwenye uchaguzi, wakamwondoa Bowdoin na kumchagua John Hancock. Kodi zikapunguzwa, na wadaiwa wakapewa muda. Yale ambayo bunduki hazikuleta Springfield yaliletwa na kura. Na kama barua za kwanza zingesikilizwa, wale wanne wasingekufa.

Mwaka 1788 Shays naye alisamehewa. Aliweza kurudi bila kukamatwa, lakini maisha ya zamani hayakuwepo tena. Magazeti yalikuwa yamemchora kama mtu mbaya. Hakukaa sana, alihamia jimbo la New York, akaanza upya akiwa mtu maskini. Uzeeni alipata pensheni kwa ajili ya utumishi wake katika vita vya uhuru. Alikufa mwaka 1825 huko Sparta, New York, mbali na Pelham.

Msikilizaji, msamaha wa serikali ulimwondolea Shays kamba shingoni. Haukumrudishia shamba, wala heshima kwa majirani. Hayo yanahitaji kazi nyingine: ardhi ijadiliwe, na waliobaki wakae pamoja na wanaorudi wazungumze. Kazi hiyo hakuna aliyemfanyia.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, jadilianeni: Ni wakati gani ugomvi huu ungeweza kumalizwa bila damu? Na mtu anayerudi anahitaji nini zaidi ya msamaha?



(Muziki wa kipindi unapanda.)