Kutoka Yambuku hadi sindano inayojifunga: historia ya chombo kilicholipiwa kwa uhai wa watu wetu

Hapa kwetu Kivu ya Kusini, mama akipeleka mtoto mgonjwa kwenye kituo cha afya, mara nyingi anapewa kikaratasi aende famasi kununua dawa, na pamoja na dawa ananunua seringi. Anarudi na pakiti mkononi, muuguzi anaipasua mbele yake. Wakaaji wengi wanalalamika: kwa nini mgonjwa anunue hata sindano? Lalamiko hilo lina haki yake. Lakini pakiti ile iliyofungwa ina historia, na ukurasa mmoja mchungu wa historia hiyo uliandikwa katika nchi yetu. Ndugu wasomaji, leo tuikumbuke.

Sindano ya kutia dawa mwilini ina umri wa zaidi ya miaka 150. Mwaka 1853 waganga wawili, Charles Pravaz wa Ufaransa na Alexander Wood wa Scotland, walitumia bomba lenye sindano yenye tundu ndani, kila mmoja kwa njia yake. Kwa miaka mia moja iliyofuata bomba lilikuwa la kioo na chuma. Lilikuwa la bei kali, kwa hiyo halikutupwa. Baada ya kila mgonjwa lilipaswa kuchemshwa. Wazee wetu wanakumbuka sufuria ya muuguzi ikitokota juu ya moto.

Mwaka 1956 mfamasia wa New Zealand, Colin Murdoch, aliyekuwa pia akitibu wanyama, alipata hati ya uvumbuzi, ile tunayoita breve, kwa bomba la plastiki la kutumia mara moja na kutupa. Breve ni mapatano kati ya mvumbuzi na serikali: mvumbuzi anaeleza wazi jinsi chombo chake kinavyofanya kazi, na serikali inamlinda kwa muda ili mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Muda ukiisha, maarifa yale ni ya wote. Kwa hiyo tangu mwaka ule dawa ya tatizo ilikuwepo kwenye karatasi. Je, ilitufikia?

Jibu lilitoka Yambuku mwaka 1976. Yambuku ni misheni katika eneo la Bumba, wakati ule jimbo la Équateur, leo Mongala. Hospitali ya misheni ilikuwa na vitanda 120 na watu walitoka mbali kuja kutibiwa, kwa sababu dawa zilikuwepo. Kila asubuhi wauguzi walipewa seringi tano tu. Zile tano zilitumika kwa wagonjwa wa nje, kwa wamama wenye mimba na kwa waliolazwa. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu.

Mwisho wa mwezi wa nane, mwalimu mmoja aliyekuwa na homa alichomwa sindano ya klorokini pale. Ilidhaniwa ni malaria. Virusi ambavyo dunia ilikuwa haijavijua vilianza kupita katika zile seringi tano, kisha vikaingia vijijini kupitia waliowauguza wagonjwa na kuwazika. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa kati ya wanasayansi wa kwanza kufika. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa. Kwa jumla watu 318 waliugua na 280 wakafa. Ugonjwa ukapewa jina la mto: Ebola.

Tusiwahukumu haraka masista na wauguzi wa Yambuku. Walifanya kazi kwa vilivyokuwepo, na wengi wao walilipa kwa maisha yao. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu breve ya Murdoch, lakini seringi ya kutupa inatupwa tu pale ambapo kuna nyingine ya kuchukua nafasi yake. Penye umasikini, hata ya plastiki inaoshwa na kurudishwa kazini. Kumwambia muuguzi awe mwangalifu hakutoshi ikiwa ana seringi tano na mstari wa wagonjwa unafika hadi nje.

Katika miaka ya 1980, sida ilipoanza kutisha dunia, wavumbuzi walibadilisha swali. Hawakuuliza tena jinsi ya kumfundisha muuguzi. Waliuliza jinsi ya kufanya chombo chenyewe kikatae. Shirika la PATH la Marekani lilibuni SoloShot, yenye kibanio kidogo cha chuma ndani ya bomba. Pistoni inavutwa mara moja, inasukumwa mara moja, kisha inakwama. Mwingereza Marc Koska alisoma gazetini mwaka 1984 kwamba seringi zingeeneza sida. Akabuni K1: pistoni ikifika mwisho inajifunga, na ukiivuta kwa nguvu inavunjika. Aliichora kwa namna ambayo viwanda vilivyokuwepo vingeweza kuitengeneza bila kununua mashine mpya zote. Hata hivyo aliuza za kwanza mwaka 2001, miaka 17 baadaye.

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani (OMS), UNICEF na UNFPA yalitaka chanjo zote zitolewe kwa seringi zinazojifunga kufikia mwisho wa 2003. Haikuwa haraka ya bure. Kwa mwaka 2000 peke yake, OMS ilikadiria kwamba sindano chafu ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B, na watu 260,000 virusi vya sida.

Leo mtoto anayechanjwa kijijini anachomwa kwa seringi ya namna hiyo. Lakini sindano za matibabu, za malaria au za maumivu, mara nyingi bado zinachomwa kwa seringi ya kawaida, ambayo haijifungi. Mwaka 2015 OMS iliomba nchi zihamie kwenye seringi salama kwa matibabu pia, kufikia 2020. Mwaka ule umepita, na kwenye famasi zetu nyingi seringi ya kawaida ndiyo inayouzwa.

Kwa hiyo, mpaka wakuu wa afya waweke seringi zinazojifunga katika kila kituo, kufuli limebaki mikononi mwetu. Ukienda kuchomwa, omba uone pakiti ikipasuliwa mbele yako. Baada ya sindano, tazama seringi ikiingizwa katika sanduku lake. Uliza pia kama kuna vidonge vya kutosha badala ya sindano, maana si kila homa inahitaji kuchomwa. Muuguzi mwema hatakasirika. Anajua, au anapaswa kujua, habari za zile seringi tano za Yambuku.