Sauti za Akina Mama: Kutoka Santuri za Siti hadi Simu za Wasso

Mjini Wasso, tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, muziki wa wanawake huwezi kuukwepa. Basi la Arusha lililopitia Mto wa Mbu, Engaresero na Sale huingia stendi Rose Muhando akisikika kwenye spika. Kijana wa bodaboda anasubiri abiria huku Zuchu akiimba kwenye simu yake, na muuza vitenge amejiwekea Khadija Kopa. Wasikilizaji wao wengi ni Wamasai na Wasonjo, watu ambao Kiswahili walikikuta shuleni, kanisani na sokoni.

Waimbaji hao hawakufika hapo kwa siku moja. Sauti nzuri wanawake wa Afrika Mashariki walikuwa nayo tangu hapo. Kilichowachukua karibu miaka mia moja ni kutambuliwa kwa majina yao na kula jasho lao. Makala hii inafuata safari hiyo muongo kwa muongo, kisha inarudi Ngorongoro, ambako bado wapo waimbaji wa kike hodari ambao jina lao halijaandikwa popote.

Siti na santuri

Yapata mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la Mtumwa. Wazazi wake walikuwa na asili ya utumwa, na yeye mwenyewe alikua akitembeza vyungu vya kuuza, akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa uimbaji na Ali Muhsin, na umaarufu ukampata kwa jina jipya: Siti binti Saad.

Taarabu ya kasri la Sultani wakati huo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa Ng'ambo, mtaa wa mafundi, wapagazi na waliokuwa watumwa, nao wakaiona kuwa yao. Mwaka 1928 yeye na wenzake, wakiwemo Subeti bin Ambar na Maalim Shaaban, walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo zake.

Hakuimba mapenzi peke yake. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka na sheria ikawaangukia mashahidi. Mnyonge ambaye mahakama haikumsikia alisikika kwenye santuri. Mwandishi Shaaban Robert aliuona uzito huo, akaandika maisha yake katika *Wasifu wa Siti binti Saad*. Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu huo ukahakikisha kuwa jina lake halipotei.

Miongoni mwa walioisikiliza sauti ya Siti alikuwepo Fatuma binti Baraka, tunayemfahamu kama Bi Kidude. Alipiga ngoma za unyago, akapaka watu hina, akaimba taarabu ya Siti kwa sauti nzito iliyokwaruza. Dunia ilichelewa kumjua. Tuzo ya WOMEX aliipata mwaka 2005 akiwa mkongwe kabisa, na alipofariki Aprili 17, 2013, Zanzibar nzima ilimzika.

Redio na bendi

Baada ya Uhuru, aliyeamua nani asikike alikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Studio zake zilirekodi bendi na vikundi vya taarabu, na matangazo yake yakafika kila mwenye redio ya mawe, maboma ya Loliondo yakiwemo. Huku mpakani, ukigeuza kitufe kidogo ulinasa na Nairobi.

Tanga, kundi la Black Star liliingiza magitaa ya umeme na besi ndani ya taarabu, na katika mapigo hayo mapya ikapaa sauti ya Shakila Saidi. Wimbo wa Macho Yanacheka ulimfanya ajulikane nchi nzima. Aliimba pia na Lucky Star, na alipofariki Agosti 2016 alikuwa amelitumikia jukwaa kwa zaidi ya nusu karne.

Katika dansi njia ilikuwa nyembamba zaidi. Katikati ya miaka ya 1960, Dar es Salaam ilikuwa na Women Jazz, bendi ya wanawake watupu iliyolelewa na Umoja wa Vijana wa TANU. Wanawake walishika magitaa na kupuliza saksafoni wakati ambapo ukumbi ulimjua mwanamke kama mcheza dansi tu. Bendi ile haikudumu, na leo vijana wachache mno wanaweza kumtaja hata mpigaji wake mmoja. Miaka ya 1980 Kida Waziri alisimama mbele ya Vijana Jazz pamoja na Hemed Maneti, na Tabia Mwanjelwa akaimba na Maquis. Hata hivyo, wimbo ulihesabiwa kuwa wa bendi. Msikilizaji alilijua jina la bendi na mtindo wake kabla ya kumjua dada aliyeupendezesha wimbo.

Kutoka Kinshasa alikuja Mbilia Bel, aliyeibuliwa na Tabu Ley katika Afrisa International mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980. Rekodi yake ya Nakei Nairobi ilipigwa katika kumbi na redio za ukanda huu kwa miaka, na wengi walioicheza hawakujua neno la Kilingala zaidi ya jina la mji.

Ughaibuni nako hali ilikuwa hiyo hiyo

Dhuluma hii ya kufunika jina la mwimbaji mwanamke haikuwa ya kwetu peke yetu. Marekani, gitaa la umeme lilipigwa na Sister Rosetta Tharpe, binti wa kanisani, miaka mingi kabla vijana wa kiume hawajaitwa wafalme wa roki. Big Mama Thornton alirekodi Hound Dog mwaka 1952. Mwaka 1956 Elvis Presley aliurudia, na dunia ikaudhani wake. Tina Turner alipomkimbia mumewe mwaka 1976 aliacha karibu kila kitu, lakini katika talaka alihakikisha anabaki na jina lake la jukwaani. Kwa jina hilo alitoa Private Dancer mwaka 1984 na kuanza maisha mapya.

Miriam Makeba, aliyefungiwa nje ya nchi yake na serikali ya makaburu, aliimba Malaika pamoja na nyimbo za kwao, na kwa kinywa chake Kiswahili kikasikika katika miji ambayo haijawahi kumwona Mswahili. Albamu aliyoirekodi na Harry Belafonte mwaka 1965, yenye wimbo huo ndani yake, ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966.

Mipasho, Bongo Fleva na Injili

Miaka ya 1990 ilifungua milango. Redio za binafsi ziliingia, Radio One ikiwa miongoni mwa za mwanzo mwaka 1994, na studio za mitaani zikaongezeka. Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Zanzibar, alihamia kundi la Tanzania One Theatre, naye Nasma Khamis akashika bendera ya kundi la Muungano. Ushindani wao wa mipasho, nyimbo za kurushiana maneno, ulijaza kumbi, na watu wengi walikata tiketi kumfuata mwimbaji mwanamke kwa jina lake.

Bongo Fleva iliendeleza hapo. Lady Jaydee, Judith Wambura, alitoa albamu ya Machozi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha akafanya jambo ambalo Kida na Tabia hawakulipata: akaanzisha bendi yake mwenyewe, Machozi Band, akawaajiri wanaume wapige yeye akiimba. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote tangu safari ya Bombay.

Wakati huo huo Saida Karoli wa Bukoba alifanya muujiza mwingine. Mwaka 2001 alitoka na Maria Salome, akiimba Kihaya kwa ngoma za kwao, na nchi nzima ikacheza. Aliyedhani kwamba lugha ya nyumbani humfungia msanii kijijini alijibiwa hapo. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 2016, Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia wimbo huo kwa jina la Salome.

Kwa vijiji vyetu vya wafugaji, aliyeingia ndani zaidi ni mwimbaji wa Injili. Rose Muhando, mzaliwa wa Morogoro, huimba kwa kasi ya ngoma na kucheza kwa nguvu, na mwaka 2011 alisaini mkataba na Sony Music. Kwaya nyingi za akina mama zimejifunza kwake namna ya kuingia kanisani.

Kaskazini nako hakukulala. Carola Kinasha, mzaliwa wa Longido, aliimba na kundi la Shada na kuwa mtetezi wa haki za wanamuziki. Nakaaya Sumari wa Arusha alishangaza wengi mwaka 2008 kwa Mr. Politician, wimbo wa kuwasema viongozi wasiotimiza ahadi. Vanessa Mdee, aliyezaliwa Arusha, alitoka utangazaji akatoa Closer mwaka 2013. Nandy alitoka Kilimanjaro. Mwaka 2020 Zuchu, binti wa Khadija Kopa, alitambulishwa na lebo ya WCB Wasafi, na mama akaona mtoto akianzia pale ambapo yeye alifika kwa miaka mingi ya jasho.

Waimbaji wa bomani

Sasa turudi Wasso. Ukihudhuria harusi ya Kimasai au msafara wa akina mama wanaokwenda kuomba baraka ya uzazi, utasikia kazi isiyopungua kitu mbele ya hizo nilizozitaja. Kiongozi huanza peke yake, mstari wake ukipaa juu. Wenzake humpokea kwa kiitikio kizito kinachotoka kifuani, pumzi ikiingia na kutoka kwa pamoja. Ngoma haipo wala haihitajiki: mabega yanatikisika, na shanga pana za shingoni zinaruka na kuanguka zikihesabu mapigo. Kiongozi hutunga papo hapo. Anamshukuru Mungu, anasifu ng'ombe, anamwombea bibi harusi, anamsema mume mvivu, na kila anaposema wenzake humwitikia.

Mama huyo ndiye Siti wa Loliondo. Tofauti ni kwamba hana HMV wala Shaaban Robert. Vijana humrekodi kwa simu, kipande cha dakika moja kikazunguka WhatsApp, kikaingizwa kwenye memori kadi za wapita njia, kisha kikaitwa "wimbo wa Kimasai" basi. Jina lake halimo, kijiji chake hakimo, wala aliyemwomba ruhusa hayupo. Hivyo ndivyo tulivyowapoteza akina dada wa Women Jazz, nao walikuwa mjini, mbele ya redio ya taifa.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilizaa COSOTA, chombo cha taifa cha hakimiliki, na inagusa pia sanaa za jadi. Redio ya jamii nayo tunayo, Loliondo FM, inayoweza kumpa mwimbaji wa bomani nusu saa yake kwa wiki kwa jina lake mwenyewe. Walimu wa shule zetu wanaweza kuwatuma wanafunzi waandike nyimbo za bibi zao kwa Kimasai na Kisonjo, na parokia zinaweza kutunza nakala.

Nawe msomaji, uwe Wasso, Ololosokwan, Samunge au Malambo, usisubiri mradi. Anza na bibi wa nyumbani kwako. Mwombe ruhusa, mrekodi wimbo mzima badala ya kipande, andika jina lake kamili, kijiji chake na shughuli ambayo wimbo huo huimbwa, na nakala ya kwanza mpe yeye.