Masalio ya Sufu katika Uingereza ya Vita

Tarehe 1 Juni 1941 serikali ya Uingereza ilianzisha mgao wa nguo. Mtu mzima alipata kuponi 66 kwa mwaka, na kuponi moja haikununua zaidi ya wakia 2 za uzi wa kufumia. Hapo vidonge vya nyuzi vilivyosahauliwa vikapuni vilipata cheo kipya, kwani masalio hayakudai kuponi.

Sweta kuukuu lilifumuliwa; uzi wake, wenye mikunjo tele, ukazungushwa mgongoni mwa kiti, ukafungwa, ukaoshwa na kuanikwa hata ukanyoka. Usipotosha nguo nzima, ulitiwa milia. Nakshi za kisiwa cha Fair Isle, ambazo kwa desturi kila safu yake haizidi rangi mbili, zilifaa mno, maana rangi iliyokwisha ilifuatwa na nyingine pasipo aibu. Mlia ambao mtazamaji wa leo huudhani pambo, huenda ni mahali uzi ulipokatika.

Mwaka 1943 serikali ilitoa kijitabu cha kufundisha ufundi huo. Walakini wake wa maskini, kusema kweli, walikwisha kuujua zamani. Mgao ulikoma Machi 1949.